Merikani, Shuka na Jina la Endulen

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuitazama nguo kwa upande mmoja tu. Wanapoishika kanga, macho yao huenda moja kwa moja kwenye maneno yaliyopigwa chini ya mji wake, wakaanza kupima fumbo, kijembe na wasia uliomo. Kazi hiyo ni njema, na imezaa makala nyingi za maana. Lakini nguo ina utungo mwingine uliotangulia maneno hayo, nao ni jina lake. Jina la nguo ni fupi kuliko methali, na mtunzi wake aghalabu hajulikani. Hata hivyo lina historia, lina nia, na mara nyingine lina dhuluma iliyofichwa ndani yake. Mtu anayesoma maneno ya kanga na kuliacha jina la nguo amesoma ubeti na kuliacha shairi.

Mahali panapofaa kwa uchunguzi wa jambo hili ni Endulen, kata ya Tarafa ya Ngorongoro iliyoko kusini-magharibi mwa Kreta. Huko nguo kuu haina maandishi. Ni shuka, nyekundu au ya miraba, ambayo Mmaasai hujifunga lubega akaacha bega moja wazi. Chini ya shuka hiyo si ajabu kuonekana fulana kuukuu yenye jina la kampuni ya Marekani, iliyonunuliwa kwenye mitumba ya Karatu. Mvaaji mmoja basi amebeba majina mawili: moja limeandikwa na halimhusu, la pili halikuandikwa na ndilo lake. Uhakiki unaodai kuijua lugha hauna budi kueleza majina hayo yalifikaje bega moja.

Maelezo yaanzie kwenye nguo iliyotangulia zote katika biashara ya bara, yaani merikani. Mnamo mwaka 1833 mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Majahazi ya Salem yalileta pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, nguo nzito isiyopaushwa, yakarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Nguo hiyo ilipendwa kwa sababu ya ugumu wake. Ilifika Tabora na Ujiji, ikawa fedha kabla ya fedha. Burton aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, na Stanley aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871, wote wawili walihesabu safari zao kwa majora ya nguo, kwani pasipo nguo msafara haukununua chakula wala kulipa hongo ya kupita.

Sasa, nani aliyeiita merikani? Wenye viwanda walikuwa na majina yao na alama zao, zilizopigwa kwa wino kwenye ncha ya jora. Alama ya namna hiyo Kiswahili kiliiita rajamu. Lakini rajamu za Massachusetts hazikuingia katika kauli za watu. Mswahili hakuuliza jina la kiwanda. Aliuliza nguo inatoka wapi, akaiita kwa nchi yake, akalikata jina la nchi likae sawa na ulimi wake. Neno merikani lilitungwa na mnunuzi. Muuzaji hakulileta katika shehena yake. Hili si jambo dogo, kwani habari za biashara ya karne ya 19 mara nyingi huandikwa kana kwamba mtu wa Afrika Mashariki alipokea tu alichopewa. Wafanya biashara wenyewe walijua vingine: nguo isiyokuwa na uzito, upana au rangi iliyotakiwa bara ilirudi pwani haikununuliwa. Mchaguzi wa nguo ndiye aliyekuwa mchaguzi wa jina.

Baadaye yakatokea mambo yanayolipima neno hilo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa Marekani toka 1861 hata 1865 vilikata pamba, na majahazi ya Salem yakapungua. Nafasi yao ikachukuliwa na nguo za Uingereza na za viwanda vya Bombay, zilizofumwa kwa kuigiza ile ya kwanza. Kama jina lingekuwa mali ya mfumaji, lingekufa pamoja na biashara yake. Halikufa. Watu waliendelea kuiita merikani nguo ambayo haikupata kuiona Marekani hata siku moja, na kamusi za Kiswahili zikalihifadhi neno kwa maana ya nguo nzito isiyopaushwa, iwe imetoka wapi. Bidhaa ilibadilika, chapa ikapotea, jina likabaki mikononi mwa watumiaji. Hapa ndipo penye kanuni ya kwanza ya uhakiki wa majina: jina ni la yule anayeishi nalo, wala halimfuati yule aliyepiga muhuri.

Kanuni hiyo isisomwe kwa furaha tupu. Katika miji ya pwani merikani ilikuwa vazi la watumwa. Mjakazi alijifunga merikani nyeupe au kaniki nyeusi, na ukiona nguo uliijua daraja ya aliyeivaa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha merikani wakaishika kanga, nguo ya rangi na ya maua, ili mtu asiwasome tena kwa hali yao ya zamani. Kwa hiyo neno lile lile lililokuwa ushahidi wa uhuru wa mnunuzi wa bara lilikuwa ushahidi wa unyonge wa mvaaji wa pwani. Anayehakiki jina la nguo na asiulize nani aliivaa, na kwa hiari ya nani, ameifanya nusu ya kazi.

Kanga nayo ilikuja na rajamu yake. Kaderdina Hajee Essak, mwenye duka wa Mombasa, aliyejulikana kwa watu kwa jina la Abdulla, aliziandika nguo zake maneno Mali ya Abdulla. Ikumbukwe kwamba huenda maneno ya Kiswahili yaliyosomwa na wanawake wengi kuliko yote katika kizazi hicho hayakuwa ya mshairi. Yalikuwa ya mwenye duka, na maana yake ilikuwa umiliki. Lakini nguo iliyoandikwa mali ya Abdulla, ikisha kununuliwa, ilikuwa mali ya mwanamke aliyeivaa. Msemo wa mwenye duka na ukweli wa mvaaji vilikaa katika pindo moja bila kugombana, kwa sababu kila mtu alijua ni upi wenye nguvu.

Kutoka pwani turubai hili la majina linapanda bara, hadi kwenye shuka. Neno shuka lina safari yake ya ajabu. Katika hesabu za misafara lilikuwa jina la kipimo kabla ya kuwa jina la vazi: shuka moja ilikuwa mikono minne ya nguo, na shuka mbili zilifanya doti. Karani wa msafara aliposema shuka kumi, hakuwa na mavazi kumi mbele ya macho yake, bali malipo. Wamaasai, ambao mavazi yao ya kale yalikuwa ya ngozi, walipokea kipande hicho cha mikono minne, wakakipaka ngeu pamoja na mafuta, wakakifunga begani. Kipimo cha mchuuzi kikageuka vazi la taifa zima. Hawakuwa wafumaji, wala mirabaraba ya leo haikutoka katika kitanda cha mfumi wa Kimaasai. Ni kazi ya viwanda. Jambo hili lazima lisemwe wazi, kwa maana wapo wanaoitetea shuka kwa kudai kwamba asili yake ni ya kale isiyochanganyika. Utetezi huo ni dhaifu, nao hauhitajiki. Shuka ni ya Wamaasai kwa sababu ile ile iliyoifanya merikani kuwa ya Waswahili: ni wao walioipa maana.

Serikali ya Tanzania yenyewe ilipata kuisoma maana hiyo vibaya. Mwaka 1968 Mkoa wa Arusha uliona kampeni ya kuwaachisha Wamaasai shuka na ngeu na kuwavalisha suruali, kwa hoja kwamba taifa jipya halistahili raia walio nusu uchi. Wapangaji wake walisema wanaleta maendeleo. Lakini suruali waliyoitangaza haikuwa ya asili ya Kitanzania kuliko shuka. Zote mbili zilitoka katika viwanda vya kigeni au vilivyoiga vya kigeni. Kilichopigwa vita hakikuwa kitambaa. Ilikuwa haki ya mtu kuamua kitambaa kimwite nani. Kampeni ikapita, shuka ikabaki, na miaka michache baadaye picha ya Mmaasai mwenye shuka ikawa pambo la matangazo ya utalii yaliyotolewa na nchi ile ile.

Neno la tatu katika mfululizo huu ni mtumba. Zamani mtumba ulikuwa furushi la nguo lililofungwa kwa mzigo wa pagazi mmoja, uzito wake kama frasila mbili. Leo mitumba ni nguo zilizovaliwa na watu wengine ng'ambo, hasa Marekani na Ulaya, zikatolewa sadaka au kutupwa, zikafungwa kwa marobota na kuuzwa tena. Mtu wa Karatu huchagua humo suruali ya Levi's au viatu vya Nike. Majina haya hayakukatwa yakae sawa na ulimi kama lilivyokatwa jina la Marekani katika merikani. Hubaki kama yalivyoshonwa, na aghalabu hayasomwi. Mnunuzi hupapasa kitambaa, hutazama mshono, huuliza bei. Mtu atakayeona fulana ya timu ya Chicago katika mnada na kudhani kuwa mvaaji ameipenda timu hiyo, amekosea kusoma. Chapa imekuwa pambo lisilo na sauti.

Hata hivyo nyuma ya mitumba kuna nguvu ambayo haikuwapo nyuma ya merikani. Mwaka 1856 mnunuzi aliyekataa nguo aliweza kuirudisha pwani. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa biashara ya mitumba kidogo kidogo hata ifike mwisho mwaka 2019, ili viwanda vya nguo vya nyumbani vipate kupumua. Wafanya biashara wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao mwaka 2017, na nchi za Jumuiya zikaonywa kuwa zingeweza kupoteza nafuu ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Linganisha basi: babu aliikataa nguo kwa kutikisa kichwa tu, na muuzaji akaenda kubadili, mjukuu alipotaka kuikataa, alitakiwa kulipa gharama ya kukataa. Neno mtumba limebaki lile lile, lakini uhuru wa anayelitamka umepungua. Lugha pekee haiwezi kuonyesha upungufu huo, na ndiyo maana mhakiki hana ruhusa ya kukaa ndani ya kamusi peke yake.

Nguo imebeba majina ya siasa pia, na hapa kanuni iliyotajwa hujaribiwa kwa namna nyingine. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi Tanzania mwaka 1992, kila uchaguzi umekuja na kanga, kofia na fulana za vyama. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu kile kilichoitwa takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Chama chenye fedha huvalisha mkoa mzima. Chama cha tatu, kisicho na serikali wala kambi kuu ya upinzani, hukosa hata kitambaa cha kulionyeshea jina lake. Mwaka 2015 Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee aliyegombea urais, alishika nafasi ya tatu kwa kura zisizofika asilimia moja.

Lakini yatazamwe majina yenyewe. NCCR-Mageuzi, ambayo mgombea wake alipata zaidi ya robo ya kura za urais mwaka 1995, na ACT-Wazalendo iliyosajiliwa mwaka 2014, zote zina majina ya vipande viwili: herufi za maneno ya Kiingereza mbele, neno la Kiswahili nyuma. Herufi ziliandikwa kwa ajili ya daftari la msajili na macho ya wageni. Neno liliandikwa kwa ajili ya mpiga kura. Wananchi walifanya kama walivyofanya kwa merikani: walikiacha kipande cha mwenye kiwanda, wakakishika kile kinachosema. Waliimba mageuzi, herufi hazikuimbwa. Chama kidogo kisichoweza kugawa kanga kinaweza angalau kuchagua neno ambalo watu watalivaa bila kulipwa. Chama kinachojiita kwa herufi tupu kimejinyima vazi hilo pekee lisilo na gharama.

Mpaka hapa majina yametazamwa yakitoka nje kuingia ndani. Yako pia yanayotoka ndani kwenda nje, na hayo ndiyo yanayoumiza. Mwaka 1911 mtafiti wa Kijerumani, Kattwinkel, alifika kwenye bonde lililoko kaskazini ya Endulen, akasikia neno la Kimaa oldupai, jina la mkonge wa porini uotao huko, akaliandika Olduvai. Kosa la sikio moja likawa jina la sayansi ya dunia nzima. Karibu zaidi na Endulen kuna Laetoli, ambako mwaka 1978 wenzake Mary Leakey walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Jina hilo nalo ni la Kimaa, la ua jekundu. Msomaji wa vitabu vya sayansi huyajua majina haya mawili kuliko ajuavyo kwamba yana lugha, na kwamba lugha hiyo ina wenyewe.

Biashara ilifuata nyayo za sayansi. Mwaka 1996 Mswisi mmoja, Karl Müller, alitoa viatu vya MBT, ambavyo herufi ya kwanza ya jina lake ilisimama badala ya neno Masai, kwa madai kwamba vinamrudishia mtu mwendo wa Mmaasai atembeaye pekupeku. Viatu hivyo viliuzwa kwa bei kubwa Ulaya na Marekani. Mtu wa Endulen huvaa katambuga za mpira wa gari. Kwa hiyo jina lake liliuzwa kwa kusifu kitu asichokifanya, tena kwa tahajia ambayo wenyewe wanaojua Kimaa hawaikubali. Katika mavazi ya wanaume ya mwaka 2012 nyumba ya Louis Vuitton ya Paris ilionyesha skafu na mashati ya miraba iliyotokana na shuka. Na leo maduka ya mtandaoni ya Marekani huuza blanketi la Kimaasai kwa mtu yeyote mwenye kadi ya benki.

Je, hii si haki ile ile iliyotetewa hapo juu? Ikiwa Mswahili aliruhusiwa kulichukua jina la Marekani akaliita nguo, kwa nini mfanya biashara asiruhusiwe kulichukua jina la Maasai akaliita kiatu? Swali hili ni la haki, nalo ndilo kiini cha mjadala. Jibu liko katika njia ya faida. Aliyesema merikani hakumuuzia mtu jina. Alilitumia kununua, na Mmarekani akapata sandarusi na pembe. Anayesema Masai juu ya kiatu anauza jina, na mwenye jina hapati kitu. Wazee wa Kimaasai wa Tanzania na Kenya waliliona hilo, wakaanzisha mpango wa kulinda mali yao ya akili, wakisaidiwa na shirika la Light Years IP la Washington. Kampuni moja ya mavazi ya Uingereza, Koy Clothing, ikakubali kulipa ada kwa kutumia mirabaraba yao. Ada yenyewe haikuwa utajiri. Uzito wake ni kwamba ilikiri kuwapo kwa mwenyewe.

Njia nyingine imefunguliwa na mtandao. Yusuf Kimesera, kijana wa Kimaasai anayeishi mbali na Endulen, katika Mkoa wa Pwani, alijitangaza kwa jina la Kili Paul, akajipiga picha za video akifuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, shuka begani. Watu wa India walimtazama kwa mamilioni, na mwezi Februari 2022 ubalozi wa nchi hiyo mjini Dar es Salaam ukamheshimu, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja hadharani. Wengine humlaumu kwamba ameifanya shuka kuwa vazi la mchezo. Lawama hiyo haina uzito mkubwa. Nguo iliyochezewa Paris na wasioijua inaweza kuchezewa Pwani na anayeivaa. Tena jina alilojitungia, nusu ya mlima na nusu ya ubatizo, ni kazi ya mtunzi yule yule asiyejulikana aliyetunga merikani: mtu achukuaye cha mbali na cha karibu akavifunga pamoja. Tofauti ni kwamba huyu anajulikana, na malipo humfikia yeye.

Lakini mtandao nao una daftari lake. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu au kituo cha habari cha mtandaoni nchini Tanzania kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Anayesajiliwa ana jina. Asiyesajiliwa husema kwa hofu. Na neno daftari ndilo linaloirudisha hoja Endulen, kwa mara ya mwisho.

Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959, baada ya Wamaasai kukubali kuondoka Serengeti na kuahidiwa makao katika nyanda hizo. Watu waliokuwa wapatao 8,000 wakati huo wamezidi 100,000. Serikali ilisema kwamba ardhi na wanyama havistahimili wingi huo, na tangu Juni 2022 imekuwa ikiwahamishia watu Msomera, wilaya ya Handeni, ikieleza kuwa wanahama kwa hiari. Wakazi wengi walikanusha kwamba ni hiari. Tarehe 2 Agosti 2024 lilitolewa tangazo la serikali lililofuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 katika Tarafa ya Ngorongoro. Endulen ilikuwamo. Tarehe 18 mwezi huo maelfu ya watu walijitokeza barabarani katika shuka zao, magari ya watalii yakasimama, na picha zikaenea katika simu za dunia nzima. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu ya Arusha ililisimamisha tangazo kwa muda, na serikali nayo ikawaahidi wakazi kwamba haki yao ya kupiga kura ingelindwa.

Uhakiki wa fasihi hauna mamlaka ya kuamua idadi ya ng'ombe inayofaa katika nyanda za Ngorongoro. Una mamlaka ya kusoma tangazo kama maandishi, na maandishi hayo yalikuwa orodha ya majina. Hayakubomoa nyumba hata moja wala kuchoma boma. Yalifuta maneno. Hata hivyo kila mtu wa Endulen alielewa mara moja kwamba shule, zahanati, mwenyekiti wa kijiji na sanduku la kura hukaa juu ya jina, na jina likiondoka hivyo vyote husimama hewani. Wakulima wa kisomo wanaosema kwamba jina ni upepo tu, kwamba jambo kubwa ni ardhi na chakula, wangefaa kuuliza mkulima au mfugaji gani amepata ardhi kwa kijiji kisichokuwa katika daftari.

Mambo yanayokutana hapa ni ya kushangaza. Mwezi ule ule ambao jina la Endulen liliondolewa katika orodha ya vijiji, jina la Maasai liliendelea kuuzwa juu ya mablanketi katika maduka ya ng'ambo, na picha ya shuka ikaendelea kuwaita watalii waje Ngorongoro. Jina la kuuzwa lilikuwa salama. Jina la kuishi ndilo lililofutwa. Chapa ilipata ulinzi ambao kijiji kiliukosa.

Kwa hiyo kazi ya mhakiki haiishii kwenye maneno ya kanga. Merikani imefundisha kwamba jina hudumu kwa watumiaji hata mfumaji akitoweka. Shuka imefundisha kwamba kipimo cha mchuuzi kinaweza kuwa heshima ya watu. Mitumba imefundisha kwamba uhuru wa kukataa ukipungua, jina huwa pambo. Endulen inaongeza somo ambalo haya mengine hayakulitoa: kwamba jina linaloishi katika vinywa vya watu linahitaji pia kuishi katika daftari, na kwamba aliyeshika kalamu ya daftari ni mtunzi kama watunzi wengine, naye anastahili kuhakikiwa kwa makini yale yale yanayotumika kwa washairi. Wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti wasiende mbali. Waanze kwa kuandika majina ya vijiji 25 vya Ngorongoro, waulize kila jina lina maana gani katika Kimaa, nani alilitoa, na watu wa pale hulitamkaje. Orodha hiyo ikikamilika itakuwa kitabu kidogo, na kitakuwa kigumu kukifuta.